Mapenzi, Itikadi na Mipaka ya Rangi katika Vuta N'kuvute

Riwaya ya Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi imejengwa juu ya mapenzi ya Yasmin, msichana wa Kihindi, na Denge, kijana Mwafrika anayeupinga utawala wa Waingereza Unguja. Ni rahisi kuyachukulia mapenzi hayo kuwa ndiyo yanayouvunja ukuta wa rangi. Hata hivyo, mpangilio wa matukio unaonyesha vinginevyo. Yasmin anamkimbia Raza, mume aliyemzidi umri kwa mbali, kisha anakataliwa na jamaa zake. Anayempokea ni Mwajuma, shoga yake wa Kiafrika. Urafiki wa wanawake hawa ndio unaouvuka mpaka kwanza. Mapenzi yanapita katika njia iliyokwisha kufunguliwa.

Aidha, ubaguzi katika riwaya hii haulindwi na wakoloni peke yao. Ukoo nao huulinda kwa jina la mila na heshima. Hivyo, itikadi ya Denge inamlenga mtawala, ilhali Yasmin anakabiliwa na mtawala na ukoo kwa pamoja. Itikadi hiyo hiyo inamnyima mwenzi: Denge anaandamwa na polisi na kufungwa, wala hayuko tayari kuiacha siasa kwa ajili ya mapenzi.

Kwa msingi huo, mvutano unaodokezwa na anwani ni pia baina ya ukombozi wa nchi na furaha ya mtu binafsi. Riwaya haiusuluhishi kwa kuwaoza wapenzi hao. Inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya gharama ya uhuru hulipwa na mwanamke.