NOELI PASIPO BARIDI
Namna jamaa za Ulaya zilivyofanya sikukuu kusini mwa dunia



Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili ukifika, tunaona jambo moja katika makanisa na shule zetu. Watu wanakata mti wa siprese, wanausimamisha ndani ya ndoo ya mchanga, na juu ya matawi wanatandika pamba. Pamba hiyo ni ya nini? Ni theluji, ile tunayoisoma katika vitabu vya Kifaransa kwa jina la «neige». Inje jua ni kali ao mvua inapiga mabati, lakini ndani ya nyumba theluji iko inaanguka! Wanafunzi wamoja walituuliza: Je, Noeli pasipo theluji ni Noeli kweli? Na watu wa Ulaya wakihamia inchi yenye joto mwezi huo, wanafanya namna gani?

Ulizo ni zuri. Tutalijibu pole pole, kwanza kwa jeografia, kisha kwa historia, na mwisho tutajitazama sisi wenyewe.

1. JUU YA NINI KULE NI JOTO?

Wengi kati yetu wanafikiri kwamba baridi inakuja wakati dunia iko mbali na jua. Hapana. Dunia inakaribia jua zaidi mwanzo wa Januari, kilometa karibu milioni 147. Inakuwa mbali zaidi mwanzo wa Julai, kilometa karibu milioni 152. Kwa hiyo watu wa Ulaya wanatetemeka kwa baridi wakati ule ule dunia nzima iko karibu na jua! Sababu ni ingine.

Twaa chungwa moja, choma kijiti katikati yake toka juu mpaka chini. Weka mshumaa juu ya meza. Sasa inamisha kijiti kidogo, na zunguka meza huku ncha ya kijiti ikielekea ukuta ule ule sikuzote. Utaona kwamba upande mmoja wa meza, sehemu ya juu ya chungwa inapata mwangaza mingi, na upande wa pili ni sehemu ya chini inayoupata. Dunia yetu iko vile vile: mhimili wake umeinama digri 23 na nusu. Mwezi wa Desemba kusini inaelekea jua, kaskazini inaligeuzia mgongo.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mchana unakuwa mrefu ao mfupi. Tarehe 21 ya Desemba, mji wa London unapata mwangaza masaa chini ya 8. Siku hiyo hiyo mji wa Melbourne, kusini mwa Australia, unapata masaa karibu 15. Pili, huko kusini jua linasimama karibu juu ya kichwa na mishale yake inapiga kwa nguvu. Huko kaskazini linapita chini chini na mishale yake inatawanyika.

Na sisi wa Lubumbashi? Tuko kusini pia, digri 11 na kitu chini ya ekwateri. Baridi yetu ni ya mwezi wa sita na wa saba, Noeli yetu ni ya mvua. Lakini mwaka wa masomo tunauanza Septemba, na vakansi kubwa ni Julai na Agosti, sawa na Ubelgiji. Watoto wa Ubelgiji wanapumzika wakati wa joto. Sisi tunapumzika wakati wa kujifunika blanketi. Huko Australia walipanga ingine: mwaka wa masomo unaisha Desemba, na vakansi kubwa inaanza pamoja na Noeli.

2. JAMAA TATU ZA MWAKA 1814

Tutwae sasa mfano wa kweli. Mwisho wa mwaka 1814, meli kwa jina Active ilitoka Sydney kwenda New Zealand. Ndani yake alikuwa mchungaji Samuel Marsden, na jamaa tatu za Kiingereza zilizotumwa na Church Missionary Society ya London. Thomas Kendall alikuwa mwalimu wa shule, William Hall seremala, John King fundi wa viatu. Kila mmoja alikuwa na bibi yake na watoto.

Walifika Rangihoua, katika Bay of Islands, siku chache tu mbele ya Noeli. Mkubwa mmoja wa Wamaori aliyeitwa Ruatara ndiye aliyewakaribisha, kwa maana alikwisha kukaa kwa Marsden huko Australia. Ruatara alitayarisha fasi ya ibada yeye mwenyewe: alizungusha ua, alitengeneza mimbara, na mitumbwi ya zamani iliyogeuzwa juu chini ikawa viti vya wageni. Tarehe 25 Desemba 1814, siku ya Mungu, Marsden alihubiri juu ya Luka 2:10, maneno ya malaika kwa wachungaji. Wamaori walimwambia Ruatara kwamba hawaelewi. Yeye akajibu kwamba wataelewa nyuma, na akaanza kuwaeleza kwa luga yao.

Wapendwa, tuwaze kidogo juu ya wale mama watatu na watoto wao. Hakuna theluji, hakuna kengele ya kanisa, hakuna babu wala nyanya. Kuna jua la wakati wa joto, bahari, na watu wengi ambao hawajui luga yao. Kisha, mwezi wa tatu wa 1815, Ruatara mwenyewe akafa, na zile jamaa zikabaki bila mlinzi wao. Ilipita miaka zaidi ya kumi mpaka Mmaori wa kwanza akabatizwa, ndio mwaka 1825. Hata hivyo, Noeli ile ya joto inakumbukwa mpaka leo kuwa mwanzo wa kuhubiriwa kwa Injili katika inchi ile. Hakuna anayeuliza kama theluji ilikuwako.

3. WATU WA PAUNI KUMI

Nyuma ya vita ya pili ya dunia, serikali ya Australia ilitafuta watu wa kuja kukaa kule. Ilipatana na Uingereza hivi: mtu mzima alipe pauni 10 tu kwa safari nzima ya meli, na watoto bure. Lakini alipaswa kukaa kule miaka miwili. Akirudi mbele ya hapo, nauli ni juu yake. Kwa mpango huo Waingereza zaidi ya milioni moja walihamia Australia. Safari ilichukua juma tano ao sita.

Tufikiri jamaa moja kati ya hizo: baba, mama, watoto wawili. Wametoka mji wa moshi na mvua, na Noeli yao ya kwanza imefika. Mama anataka kuoka dindo ndani ya furu namna mama yake alivyofanya. Lakini inje ni digri 38, na nyumba inakuwa sawa furu ya pili. Kadi zilizotoka kwa ndugu zina picha za theluji. Papa Noeli wa magazini amevaa koti nzito nyekundu, jasho linamtiririka. Na saa zenyewe hazipatani: Melbourne iko mbele ya London kwa masaa mengi. Wakiamka Noeli asubuhi, kwa nyanya kule Uingereza ingali usiku wa tarehe 24. Sikukuu yao inaanza wakati yeye anataka kulala.

Huko ndiko kwenye uchungu. Si theluji wanayolilia. Theluji ni baridi, inaleta matope na kikohozi. Wanalilia watu waliokuwa nao wakati theluji ilipoanguka. Mtoto akisema «Hii si Noeli», anataka kusema «Nyanya hayuko». Wazazi wenye akili walisikia maana hiyo ya pili.

4. NAMNA SIKUKUU ILIVYOGEUKA

Jamaa hizo zilikuwa na njia tatu. Wengine walishika kila kitu sawa zamani, dindo la moto na pudingi ya moto, hata kama jasho linaanguka ndani ya sahani. Wengine waliacha yote wakasema: Tuende kuogelea. Lakini wengi, mwaka kwa mwaka, walianza kuchagua.

Chakula kilibadilika: nyama baridi, kamba wa bahari, matunda ya wakati ule. Meza ilitoka ndani ya nyumba ikaenda chini ya mti ao kwenye pwani. Wengine walikatazwa na sheria yenyewe: siku ambazo pori ni kavu sana na upepo ni wa nguvu, serikali inakataza kabisa kuwasha moto inje, kwa sababu moto wa pori unaua watu. Miti nayo ilipata majina mapya. Huko New Zealand kuna mti unaoitwa pohutukawa, unaotoa maua mekundu mwezi wa Desemba. Watu waliuita mti wa Noeli, na wakauchora kwenye kadi fasi ya siprese.

Jambo tunalolipenda zaidi ni la Melbourne. Norman Banks alikuwa mtangazaji wa radio. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja karibu na Noeli, akirudi kutoka kazi, aliona mama mzee peke yake dirishani, mshumaa ukimwangaza, akiimba pamoja na radio yake. Banks akajiuliza: Watu wangapi wanakuwa peke yao usiku huu? Mwaka 1938 aliita watu wote waje inje, kwenye bustani kando ya mto, kila mtu na mshumaa wake, waimbe pamoja. Walikuja karibu elfu kumi. Desturi hiyo ikaenea Australia nzima. Angalieni: jambo hili lisingewezekana London mwezi ule, watu wangeganda kwa baridi. Joto lenyewe, lililokuwa adui wa Noeli ya zamani, ndilo lililofungua mlango wa kuita mtu aliye peke yake.

5. NI NINI YA ZAMANI KWELI?

Kitabu cha Mungu hakituambii mwezi ambamo Yesu alizaliwa. Sikukuu ya tarehe 25 Desemba tunaikuta Roma mwaka 336. Mti wa Noeli ulitoka inchi ya Wadachi, karne ya 16. Uingereza uliupokea sana nyuma ya mwaka 1848, wakati gazeti moja lilipotoa picha ya malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka mti. Kumbe desturi ambazo tunadhani ni za tangu Betelehemu, nyingine hazijafika hata miaka mia mbili katika inchi zilizotuletea!

Hata hivyo, tusicheke watu wenye kuweka pamba. Kwa mtu aliyekulia katika theluji, pamba ile ni ukumbusho wa nyumba ya mama yake. Lakini kwa sisi ni ukumbusho wa nani? Tumeazima kumbukumbu ya mtu mwingine, na yetu tumeiacha inje ya mlango. Mwezi wa Desemba kwetu ni mwezi wa maembe, na wa uyoga unaouzwa kando ya barabara. Ni vyombo vya sikukuu pia, na hakuna haja ya kuviagiza ng'ambo.

Tukumbuke pia mwaka 1974. Serikali ya Zaire iliondoa Noeli katika siku za mapumziko. Makanisa hayakuacha kukumbuka kuzaliwa kwa Bwana. Sikukuu iliyoweza kusimama bila ruhusa ya kalenda itaweza kusimama bila pamba.

6. NA SISI?

Hadisi hii haiko mbali na sisi. Leo kuna Wakongomani waliopokelewa Australia kama wakimbizi. Wao joto la Desemba haliwashangazi, ila jua linalokawia kuingia mpaka karibu saa tatu ya usiku. Kwao ulizo ni lile lile: Nichukue nini, niache nini? Na bila kuvuka bahari, wako kati yetu wanafunzi ambao vita ilifukuza jamaa zao, na wengine wenye nyumba mbali, ambao watabaki hapa internati wakati rafiki zao wanapanda gari kurudi kwa wazazi. Wao wanajua vizuri kuliko sisi kwamba Noeli inaweza kuwa na kila kitu juu ya meza na kukosa kitu.

Kwa hiyo jibu letu kwa wale waliouliza ni hili. Kitu kinachosafiri ni chepesi: habari yenyewe ya Luka sura ya pili, nyimbo ambazo mtu anazijua kwa moyo, na meza ambayo mgeni anapewa fasi. Jamaa tatu za Rangihoua zilikuwa na hayo, yakatosha. Kilichobaki kinaweza kugeuka kufuatana na inchi, mvua na maua yake.

Tunaomba kila kilasi kitazame, mbele ya vakansi kuanza, ni nani atakayebaki peke yake. Wenye nyumba karibu waombe ruhusa kwa Bwana Prefe na kwa wazazi, wamwalike hata kwa chakula cha mchana mmoja tu. Wenye kupamba kapela mwaka huu, pamba si lazima. Mtu akileta maua ya kwetu, tutayaona ni mazuri.

Tunawatakia ninyi wote, wanafunzi, walimu na wafanyakazi wa shule, Noeli yenye amani na mwaka mpya wa baraka. Mungu awalinde njiani, na aturudishe wote Januari pasipo kukosa hata mmoja.