DHAMANA NI DENI, HATA IKIWA YA LAPTOPU

Miongoni mwa maneno tuliyoyapokea kwa Waarabu tukayafanya yetu, neno "dhamana" limebeba mzigo mkubwa. Mtu humdhamini mwenziwe mahakamani, naye mfanya biashara huidhamini mali aliyoiuza. Madukani siku hizi wanaiita "waranti", na huandikwa kwenye kikaratasi kilichopigwa muhuri, kikatiwa pamoja na risiti. Jina limegeuka, lakini jambo ni lile lile: aliyeuza amejitwika mzigo, na hawezi kuutua mpaka muda wake utimie.

Msomaji atauliza, je, kuna haja gani ya kuyaandika haya katika ukurasa wa utamaduni? Haja ipo. Namna watu wanavyouziana na kurudishiana ni sehemu ya utamaduni wao, kama zilivyo ngoma na mashairi. Nami nililiona jambo hili kwa macho yangu mwaka jana, si Mombasa wala Lamu, bali Kisumu, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria.

Kijana na mtambo wake

Kisumu ni mji wa biashara tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, wakati ule bandari ikiitwa Port Florence. Ukitembea Barabara ya Oginga Odinga utaona maduka ya kila namna, na ukishuka soko la Kibuye utapata kila kitu, kuanzia omena hadi vitanda. Waislamu nao wapo tangu zamani, na mtu wa pwani akifika huko hakosi wenyeji wa kumkaribisha.

Mwana wa ndugu yangu anaishi huko. Kazi yake ni kupiga picha za video za arusi, mara Kisumu, mara Mumias, mara Busia. Alinunua laptopu ya michezo kwa shilingi 140,000. Nyumbani watu walimcheka, wakasema kijana ametupa fedha kwa ajili ya kucheza mpira wa kwenye kioo. Ni kweli usiku hucheza na wenzake, lakini mashine hizi zina kadi ya picha ya peke yake, yenye nguvu, na kadi hiyo ndiyo inayoharakisha kazi ya kukata na kuunga video. Fedha zenyewe, 90,000 zilikuwa akiba yake, na 50,000 mamake alizikopa katika chama cha akina mama, akawa anazilipa kila mwezi.

Juma la tatu mashine ilianza kuugua. Kila akiipa kazi nzito, feni zilivuma kama upepo wa kusi, kisha kioo kikawa cheusi. Aliirudisha dukani. Ikakaa siku tisa, akaambiwa imepona. Siku ya nne baada ya kuichukua, maradhi yakarejea. Wakati huo alikuwa amekwisha kupokea malipo ya kwanza ya arusi mbili, na mama yake alikuwa bado anadaiwa chamani.

Hoja za mwenye duka

Nilikuwa Kisumu kwa shughuli za ukoo. Kijana akaniambia, "Ami, twende sote. Wakiniona peke yangu wananiona mtoto." Tukaenda.

Mwenye duka alikuwa mtu wa adabu. "Karibu mzee wangu, keti," akasema, akatuletea soda. Lakini adabu ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine. Alileta hoja moja baada ya nyingine.

Kwanza alisema ni stima. Kisumu ina radi nyingi na stima hukatika na kurudi kwa kishindo, basi mashine imeungua, na waranti haifuniki jambo hilo. Kijana akajibu kwamba haichomeki ukutani ila kwa kupitia stebilaiza, na chaja yake ni nzima. Isitoshe, mashine huzimika hata ikitumia betri.

Pili alisema ni wadudu. Kila aliyefika Kisumu amewaona wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao hupanda juu ya maji kwa makundi utadhani ni moshi. Alisema wamejaa ndani ya feni. Hapo kijana akaomba mashine ifunguliwe na fundi wa duka mbele yetu sote. Ikafunguliwa, na ndani ilikuwa safi.

Tatu alituonyesha maandishi chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Sheria inasemaje

Hapa ndipo wengi wetu hunyong'onyea, tukadhani lililopigwa chapa ni sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameidhamini mali yake, iwe amesema au hakusema. Maneno machache chini ya risiti hayawezi kuifuta dhamana hiyo.

Tena muuzaji akishikilia ubishi, iko Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi. Ziko pia Mahakama za Madai Madogo, zilizoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Hizo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, zatakiwa zimalize kesi kwa siku 60, na mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Lakini sisi tuliosomeshwa chuoni hatukuhitaji kungojea 2012. Katika fiqhi iko hiari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu chenye kasoro iliyokuwamo kabla hajakipokea. Tazama neno lenyewe: kwa Kiarabu "aibu" ni kasoro, nasi Waswahili tumelifanya kuwa fedheha. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini, alimkemea muuzaji kwa kuuficha.

Fiqhi hiyo hiyo inambana mnunuzi pia. Akishaijua kasoro, airudishe upesi, wala asiendelee kukitumia kitu kama kwamba ameridhika. Na kasoro akiitia yeye mwenyewe, hana haki ya kurudisha. Anayeangusha laptopu ngazini kisha akaenda kudai waranti ni mwizi sawa na yule aliyeficha nafaka mbichi.

Mbadala wa aina gani?

Mwenye duka si Muislamu, wala sikumhubiria. Tulimwekea tu mezani daftari la kijana. Ndani yake mliandikwa tarehe ya kila kuzimika, siku mashine ilipopelekwa na kurudishwa, na jina la aliyeipokea. Tulikuwa pia na picha za video zikionyesha kioo kikizimika, na nambari ya mashine ikilingana na ile ya kwenye waranti. Nilimwona akifungua kurasa moja moja, na sauti yake ikashuka.

Akakubali kuibadilisha, lakini kwa mashine nyingine ya bei ya chini, na kijana aongeze 15,000 kwa kuwa ameitumia ile ya kwanza miezi miwili. Tulikataa yote mawili. Kuhusu matumizi, iko kanuni ya zamani kwamba anayebeba hatari ya kitu ndiye mwenye haki ya faida yake. Laptopu ile ingeibwa au kuungua mikononi mwa kijana, hasara ingekuwa yake. Basi na matumizi machache aliyoyapata ni yake.

Ama kupewa kilicho duni, hilo si la Kisumu peke yake. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga dola kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya vipande vyake vya picha vilivyokuwa vikiharibika ndani ya laptopu. Shauri likafika mahakamani, na mwaka 2010 wakapatana. Hata hivyo baadhi ya wanunuzi walilalamika kwamba laptopu walizopewa badala ya zao zilikuwa za bei rahisi mno. Kubadilisha si kutoa chochote kilichopo rafuni, ila ni kurudisha mfano wa kilichouzwa.

Siku ya 47 tangu malalamiko ya kwanza, mashine mpya ya aina ile ile iliwasili kutoka Nairobi. Kijana hakuondoka mpaka kikaandikwa cheti kipya chenye nambari mpya na tarehe ya mwisho ya dhamana. Arusi moja ilikuwa imekwisha kwenda kwa mpiga picha mwingine, na malipo yake aliyarudisha. Ya pili aliiwahi.

Basi, msomaji, ukinunua kitu cha thamani, kiwashe mbele ya muuzaji na ukipe kazi nzito kabla hujatoka. Uliza waranti ni ya kiwanda au ya duka, na ni nani atakayegharimia kukipeleka Nairobi na kukirudisha. Weka risiti, weka kasha, andika tarehe. Ukienda kudai, nenda kwa upole na karatasi mkononi, maana anayepiga kelele humpa mwenziwe sababu ya kutomsikiliza.

Nawe mwenye duka, muhuri ule ulioupiga ni ahadi yako. Mteja akirudi nao, usimwone adui. Amekuja kuchukua kilicho chake.