Wadau, kiwanja cha mpira hakigawiwi kimyakimya!

Juzi hapa kijijini nimesikia eti kiwanja chetu cha mpira anataka kupewa mtu ajenge. Nikaona nisilalamike tu, nichimbe sheria.

Iko hivi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie kwanza. Mkutano Mkuu ni nani? Ni mimi na wewe, kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea.

Sasa sisi vijana tukishinda kwenye kompyuta siku ya mkutano, wachache watanyoosha mikono, basi, kiwanja kwisha. Mbiu ikilia, twendeni jamani. Mnasemaje?