Kupiga Kura au Kususa: Yaliyowapata Watu wa Garissa na Jirani Zao

Kila uchaguzi unapokaribia katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, huzuka swali ambalo wazee hulizungumza chini ya miti na vijana hulizungumza penye chai. Mtu asipopendezwa na hata mmoja wa wale wanaotaka kuchaguliwa, je, ampe kura yule asiyempenda, au akae nyumbani? Wako wasemao kwamba kura ni amana, na amana haipewi mtu usiyemwamini. Wako pia wakumbushao kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Watu wa sehemu hiyo wana sababu kubwa ya kulipima swali hili, kwa maana wazee wao walipata kulijibu kwa pamoja katika mwaka wa 1963.

MWAKA WA 1963

Mwezi wa Oktoba, 1962, Serikali ya Uingereza ilipeleka tume ya watu wawili, mmoja wa Nigeria na mmoja wa Kanada, kuwauliza watu wa Mpaka wa Kaskazini wanataka nini. Tume iliona kwamba Wasomali, waliokuwa wengi katika sehemu kubwa ya nchi ile, walitaka kujitenga na Kenya ili waungane na Jamhuri ya Somalia. Hata hivyo, tarehe 8 Machi, 1963, Bwana Duncan Sandys, Waziri wa Makoloni, alitangaza kwamba hawatatengwa, bali litaundwa Jimbo la saba ndani ya Kenya. Ndivyo lilivyozaliwa Jimbo la Kaskazini Mashariki, na makao yake yakawa Garissa.

Uchaguzi wa Mei, 1963, ulipofika, Wasomali wa huko waliususa. Ifahamike kwamba kususa kule hakukuwa uvivu wala ujinga. Walifikiri kwamba mtu akiingia katika uchaguzi wa nyumba asiyoitaka, amekwisha kubali kuwa mkazi wa nyumba hiyo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na watu waliishika kwa umoja ambao haukuonekana mahali pengine katika Kenya.

Lakini uchaguzi haukungoja. Baraza la Seneti lilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja kwa Nairobi. Viti vya Garissa, Wajir na Mandera vikabaki vitupu. Bwana Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni, na Bunge jipya likakutana bila ya wajumbe wa Jimbo lile. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba, na mpaka haukusogea hata hatua moja. Kabla mwezi ule haujaisha hali ya hatari ilitangazwa katika Jimbo hilo, na sheria zake hazikuondolewa mpaka mwaka wa 1991. Si haki kusema kwamba kususa kura ndiko kulikoleta taabu hizo, maana vita vile vilikuwa na sababu nyingine nyingi. Lakini ni kweli kwamba serikali mpya ilipokuwa ikipanga mambo yake ya kwanza, mahali pa kusemea palikuwapo, na msemaji hakuwapo.

MFANO WA TABORA

Swali hilo hilo lilikuwa limeletwa mbele ya chama cha TANU huko Tabora mwezi wa Januari, 1958. Serikali ya Tanganyika ilikuwa imeweka sheria kwamba kila mpiga kura awachague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyewachagua wote watatu, kura yake iliharibika. Yaani sheria yenyewe ilimlazimisha mtu kuwapigia kura watu ambao pengine hakuwataka. Wengi mkutanoni walitaka kususa. Bwana Julius Nyerere aliwashawishi waingie, kwa hoja kwamba wakikaa nje, viti vitachukuliwa na wapinzani wao. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake. Katika uchaguzi uliofanywa sehemu mbili, mwaka wa 1958 na 1959, TANU iliwaunga mkono hata Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, ikashinda. Uhuru wa Tanganyika ulikuja Desemba, 1961.

Mambo ya Tabora na ya Garissa hayalingani yote. TANU ilitaka kuitawala nchi ile ile iliyokuwa ikipigiwa kura. Watu wa Garissa walitaka kutoka katika nchi yenyewe. Hata hivyo, somo moja ni la wote wawili: kiti hakisusi. Watu wa pwani husema, ukisusa, wenzio wala.

HALI YA SIKU HIZI

Tangu serikali za kaunti zianze katika mwaka wa 2013, taabu imekuja kwa sura nyingine. Katika kaunti hizo tatu wazee wa koo hukutana kabla ya uchaguzi na kupatana nani agombee kiti gani. Desturi hiyo husaidia kuzuia ugomvi, lakini humfanya mpiga kura akute jambo limekwisha kuamuliwa. Asiyempenda mtu wa wazee huona kwamba njia imebaki moja tu, ya kukaa nyumbani. Sivyo. Mwaka wa 2017 wazee wa Garre huko Mandera waliamua kwamba waliokuwa vitini wawapishe wengine. Gavana Ali Roba alikataa, akagombea, na wapiga kura wakamrudisha. Wangalikaa nyumbani, shauri la wazee ndilo lingalisimama.

Tena sheria haina sikio la kumsikia aliyekaa nyumbani. Gavana huchaguliwa kwa wingi wa kura zilizopigwa, hata zikiwa chache. Kura iliyoharibika haihesabiwi katika mafungu ya mia ya uchaguzi wa Rais; ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka wa 2013. Uchaguzi wa Rais uliorudiwa Oktoba, 2017, ulisusiwa sehemu nyingi za Kenya, na waliopiga kura hawakufika 40 kwa mia. Rais aliapishwa vile vile.

Katika nchi ya wafugaji iko hasara nyingine. Ukame ukikaza, watu huhama na ngamia wao mbali na vituo vya kura. Basi siku ya kuhesabu, aliyebaki nyumbani kwa hasira, aliye mgonjwa, na aliyefuata malisho, wote huandikwa kitu kimoja: hakuja. Mwaka wa 1963 kususa kulisikika kwa sababu kulitangazwa na kushikwa na wote. Kususa kwa mtu mmoja nyumbani kwake husikiwa na jamaa zake tu.

Na jambo lisahauliwalo sana ni hili: mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita, ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge na ya mjumbe wa wadi. Anayekaa nyumbani kwa chuki ya Gavana amewaacha pia wengine watano, na pengine kati yao yumo yule ambaye angalisema habari ya kisima na zahanati ya kijiji chake.

Hakuna sheria ya Mungu wala ya binadamu inayomlazimisha mtu kumpa kura mwizi au mmwagaji damu. Karatasi ya kiti hicho na aiache tupu, lakini nyingine azijaze. Ama yule ambaye kosa lake ni ukoo wake, au majivuno yake, au kwamba hakuwa chaguo la kwanza, huyo apimwe kama mchungaji. Mwenye mifugo hamtafuti mchungaji wa kumwoza binti yake; humtafuta ajuaye njia ya kisimani, na mwaka ukiisha asipofaa humwondoa. Mifugo iliyoachwa bila mchungaji haimngoji mwenyewe apate ampendaye. Hupata mwingine wa kuiongoza, na pengine ni fisi.