Ukale wa Dunia katika Picha za Maumbile

Neno "asili" katika Kiswahili hubeba maana mbili: chanzo cha kitu, na hali yake kabla ya kuguswa na mkono wa mtu. Picha za maumbile huziunganisha maana hizo. Mtazamaji aonapo bonde lisilo na njia wala moshi, hudhani anaiona dunia ilivyokuwa siku ya kuumbwa kwake.

Hata hivyo, hali hiyo hutungwa na msanii. Mwaka 1927 Ansel Adams alipiga picha ya jabali la Half Dome, katika bonde la Yosemite, Marekani. Kwanza alitumia kichujio cha manjano. Kisha akaweka chekundu kilichokoza. Kichujio hicho huzuia mwanga wa buluu, hivyo anga la mchana likatokea karibu jeusi, na jabali likasimama mithili ya kitu kilichotangulia nyakati. Adams alikusudia kuonyesha jinsi alivyolihisi jabali lile.

Sanaa hiyo haina lawama; hatari ni kuisoma kama historia. Waahwahneechee walikaa katika bonde hilo, wakichoma nyasi na vichaka kwa mpango, hadi kikosi cha Mariposa kilipoingia mwaka 1851 kuwafukuza. Uwazi wa mbuga zake, unaosifiwa kuwa wa asili, ulitokana kwa sehemu na moto wao. Basi mhakiki wa picha, sawa na mhakiki wa shairi, hana budi kuuliza ni nani aliyeondolewa ili ukale huo upatikane.