Upana wa kilele (kromatografia)

Upana wa kilele ni kipimo cha muda ambao dutu moja huendelea kutoka mwishoni mwa safu ya kromatografia ya kimiminika, tangu mstari wa grafu unapoanza kupanda hadi unapotulia tena. Hupimwa kwa dakika au sekunde, na siku hizi hukokotolewa na programu ya kompyuta. Ukilinganishwa na muda wa kutoka, yaani wakati ambapo ncha ya kilele inaonekana, upana huonyesha kama dutu mbili zimetengana kweli au zimelaliana.

Mfano wa floraidi

Kata ya Maji ya Chai, katika Wilaya ya Meru, Mkoa wa Arusha, ina jina la mto ambao maji yake yana rangi kama ya chai. Lakini tatizo kubwa zaidi halionekani kwa macho. Miamba ya volkeno ya Mlima Meru huachia floraidi kwenye maji, na vipimo vya eneo hilo vimewahi kuonyesha zaidi ya miligramu 10 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 1.5. Matokeo yake ni meno yenye madoa ya kahawia na, kwa waliokunywa maji hayo miaka mingi, mifupa kuharibika. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho jirani, kimeshughulikia uondoaji wa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ili kujua kama chujio linafanya kazi, maji hupimwa kabla na baada ya kuchujwa.

Elektrodi ya floraidi hutumika sana kwa kazi hiyo. Njia nyingine ni kromatografia ya ioni, iliyotangazwa na Hamish Small na wenzake mwaka 1975. Humo floraidi hutoka mapema, karibu sana na bonde dogo linalosababishwa na maji yenyewe ya sampuli, na karibu pia na asidi za kikaboni kama asetati. Kwa hiyo kilele cha floraidi ni rahisi kusomwa vibaya.

Njia za kupima

Kilele kizuri hukaribia umbo la kengele la Gauss. Upana wake katika nusu ya kimo ni sawa na mkengeuko sanifu mara 2.355. Upana wa chini, unaopatikana kwa kuchora mistari mgusano pande zote mbili hadi kwenye mstari wa msingi, ni mkengeuko sanifu mara 4. Programu moja inaweza kutoa upana wa nusu kimo na nyingine upana wa chini, zote zikiandika tu "upana". Anayelinganisha matokeo ya mashine mbili bila kuangalia hilo hujidanganya.

Tuseme floraidi imetoka kwenye dakika 3.20, na upana wa nusu kimo ni dakika 0.12. Ufanisi wa safu, unaohesabiwa kwa idadi ya sahani za kinadharia, ni 5.54 × (3.20 ÷ 0.12)², yaani takriban 3,940. Ikiwa asetati inafuata kwenye dakika 3.40 na upana wake ni 0.14, utenganisho ni 1.18 × 0.20 ÷ (0.12 + 0.14), yaani takriban 0.91. Vilele hutengana hadi chini utenganisho unapofikia 1.5 hivi, kwa hiyo hapa vimelaliana, na eneo linalohesabiwa kuwa la floraidi linaweza kubeba sehemu ya asetati.

Kazi ya programu na makosa yake

Programu hutazama mteremko wa mstari ili kuamua kilele kinaanza wapi na kuishia wapi, kisha huchora mstari wa msingi chini yake. Makosa mengi huanzia hapo. Mstari wa msingi ukianzia ndani ya bonde la maji, kimo huongezeka, nusu ya kimo huhama, na upana na eneo hubadilika pamoja.

Idadi ya nukta nayo ni muhimu. Katika mfano huu upana wa chini ni kama sekunde 12. Kigunduzi kikisoma mara moja kwa sekunde, kilele chote kina nukta 12 tu; kikisoma mara tano, kina 60. Nukta 20 au zaidi hutosha kwa kawaida. Kulainisha mstari kupita kiasi hupanua kilele na kupunguza kimo chake.

Kilele chenye mkia mrefu kina shida yake: upana wa nusu kimo hauuoni mkia, hivyo safu iliyochakaa huonekana bora kuliko ilivyo. Kwa kilele cha namna hiyo hupimwa pia upana katika asilimia 5 ya kimo.

Kuna jaribio jepesi ambalo mwanafunzi anaweza kulifanya kwa kikokotoo. Gawanya eneo kwa kimo, kisha gawanya jibu kwa upana wa nusu kimo, ukitumia kizio kimoja cha muda. Kilele cha Gauss hutoa 1.064. Jibu likiwa mbali na hapo, kilele kina mkia, kimefunika kingine, au mstari wa msingi umekosewa. Maji yenye floraidi nyingi yanaweza pia kuilemea safu na kupotosha umbo la kilele. Sampuli huzimuliwa, kwa mfano mara kumi, kisha jibu huzidishwa kwa kumi.