Mpishi wa Monasteri

Mwaka 1223 mtawa kijana wa Kijapani aitwaye Dōgen alikuwa bado melini, bandarini Ningbo nchini China, alipokuja mtawa mzee kununua uyoga mkavu. Mzee huyo, mwenye miaka 61, alikuwa mpishi mkuu wa monasteri ya mlima Ayuwang. Alikuwa ametembea mwendo mrefu kwa kuwa alitaka kuwapikia wenzake supu ya tambi kesho yake. Dōgen alimsihi alale, akakataa. Kijana akastaajabu: kwa umri ule, kwa nini asiwaachie wengine jiko, akakaa kutafakari na kusoma? Mzee alicheka, akamwambia kwamba bado hajaelewa mazoezi ya Kibudha ni kitu gani.

Jibu hilo lilimkaa moyoni. Mwaka 1237, akiwa amerudi Japani na akifundisha Zen, mkondo wa Kibudha, karibu na Kyoto, Dōgen aliandika *Tenzo Kyōkun*, mwongozo mzima kwa ajili ya mpishi wa monasteri. Mpishi achague mchele kwa macho yake mwenyewe, mchanga utoke na punje isipotee. Maji ya kuoshea yasimwagwe ovyo. Ajue watawa ni wangapi siku hiyo, na wagonjwa ni wangapi. Mboga zikiwa duni asinung'unike, wala asizipike kwa bidii pungufu. Kwangu agizo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana linamdai mtu moyo uleule siku ya neema na siku ya dhiki.

Siku hizi kutafakari kumetoka nje ya monasteri. Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya kutafakari kwa wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na wengi wamepata nafuu kwa njia hiyo. Baadaye kutafakari kukaingia maofisini na kwenye simu, na hapo ndipo ninapoona hasara: mtu anafundishwa kujituliza, basi. Umakini wa mpishi wa Dōgen una mlaji upande wa pili. Akili yake ikitangatanga, mwenzake atatafuna mchanga. Muuguzi anayefunga kidonda na dereva wa basi la shule wako karibu zaidi na mafundisho hayo kuliko mtu aliyefumba macho ili apumzike tu.

Dōgen hakukiona cheo cha mpishi kuwa cha mwanafunzi aliyefika jana. Mpishi mkuu ni mmoja wa maofisa sita wanaoiendesha monasteri, na kazi hiyo alitaka wapewe watawa waliokomaa.